Kiwanja cha Mzee Timazi

Mafundi wenzake ndio waliompa jina la Timazi, kwa sababu hakuwahi kuukubali ukuta kwa macho matupu. Wenzake wakishakula na kujinyoosha kivulini, yeye bado yuko juu ya jukwaa na timazi yake, ule uzi wenye kipande cha chuma kinachoning'inia chini, anapima kama ukuta umesimama au umeinama. Ukiinama hata kidogo anaubomoa, uwe wake au wa mwenzake, na matusi yakija anayapokea kama mtu aliyesahau mwavuli: yanamlowesha, yanakauka, kazi inaendelea. Alijenga nyumba za mawakili, za wauza mbao, za wajane waliolipwa mafao mazuri. Yake hakujenga. Maisha yake yote alikuwa mpangaji, na watu wake walihama na godoro kichwani kila mwenye nyumba alipoamka na hasira zake.

Mwanawe wa pekee, Cheche, alikua na jambo hilo limemkaa kooni. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na nondo za madirisha, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kucheka, na maringo yake yalifika mahali kabla yake. Kila geti alilolitoa karakanani aliliachia ua dogo la chuma pembeni, mteja apende asipende. Alikuwa amekula kiapo mbele ya mkewe, Mama Pacha, kwamba baba yake hatakufa mpangaji. Kiapo kizuri, ila mwapaji mwenyewe alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya karakana, choo wanachangia na kinyozi wa mlango wa pili.

Kompyuta iliingia nyumbani kwa ajili ya kazi. Ofisi moja ilikuwa inafungwa, vitu vinauzwa, Cheche akaichukua ili wateja waone geti kwenye kioo kabla chuma hakijakatwa. Wakati huo Mzee alikuwa ameanguka kutoka jukwaani na nyonga imemvunjika, anashinda kitini anahesabu nzi. Alivyoanza kuigusa hiyo kompyuta hakuna aliyeona vizuri. Kilichojulikana ni kwamba baada ya muda Cheche alikuwa anaomba zamu kwenye mashine yake mwenyewe, na Mzee anamjibu bila kugeuka, "Subiri, nina mchanganyiko wa saruji mbichi."

Alikuwa ameingia Upeo. Upeo ni mji ulioko mtandaoni tu. Watu huingia humo kwa visanamu vinavyowawakilisha, hutembea, huvaa nguo zisizofuliwa, hujenga nyumba zisizovuja. Bahari yake ina visiwa, na visiwa vina wenyewe. Mzee alipanga kiwanja katika kisiwa cha mama mmoja wa nchi ya mbali, ambaye baba na mwana walimwita Mwenye Kisiwa. Pembeni ya kila kiwanja palikuwa na nguzo ya kodi. Ukiilipa, inawaka kijani. Muda ukikaribia kwisha, inawaka nyekundu, na ukiisha kabisa, nguzo inafagia kila kilichojengwa kiwanjani.

Wengi huko hununua nyumba nzima dukani na kuibwaga kiwanjani kama mtu anavyoweka sufuria mezani. Mzee alisema hizo si nyumba, ni maboksi ya viatu. Yeye alitengeneza tofali moja, akalinakili, akaanza kupanga, tofali juu ya tofali, akipishanisha viungo kama alivyofundishwa akiwa kijana, ingawa Upeo ukuta hauanguki hata ukiusimamisha juu ya hewa. Alijenga miaka. Alijenga msingi ambao hakuna mtu angeuona. Alijenga mfereji wa maji ya mvua kuzunguka nyumba yote, na Cheche alipomuuliza mfereji wa nini mahali pasiponyesha, Mzee alisema siku ikinyesha Cheche atakuja kwake kuazima mahali pa kujikinga.

Kisha akili ya Mzee ikaanza kuondoka. Haikuondoka kwa kishindo. Ilikwenda kama mgeni mwenye haya, anayeaga kidogokidogo. Alisahau miwani, akasahau njia ya chooni, akasahau kwamba mkewe ni marehemu, akawa anamsubiri. Asubuhi moja alimtazama Cheche aliyekuwa anamvalisha shati, akamuuliza kwa upole kama ametumwa na hospitali. Cheche alitoka nje, akachukua nyundo, akagonga chuma ambacho hakikuwa na haja ya kugongwa.

Lakini Mama Pacha akagundua jambo. Mchana, kazi zikipoa, akimweka Mzee mbele ya kompyuta na nyumba ile ikajitokeza kwenye kioo, Mzee alirudi. Sijui nitumie neno gani jingine, alirudi. Mgongo ulinyooka. Kisanamu chake kilipita mlangoni, kikaingia sebuleni, na Mzee aliyekuwa kitini akaanza kuzungumza kama mwenye nyumba: usiburute kiti, sakafu haijakauka vizuri, dirisha hili nimelipanua kwa ajili ya mama yako, anapenda mwanga, na wewe Cheche, hizo nondo zako unazibandika maua mpaka zinaonekana kama keki. Alimtaja mwanawe kwa jina, akamtania, akamuuliza habari za pacha. Kioo kikizimwa, alififia naye.

Basi kila mchana Cheche aliacha mashine ya kuchomelea, akanawa mikono, akaketi kando ya baba yake kusubiri kutambuliwa. Hakumwambia mtu yeyote kwamba ndilo jambo lililomwamsha asubuhi. Lakini Mama Pacha alijua, ndiyo maana wateja wakija saa hiyo alikuwa anawazuia mlangoni kwa maneno matamu.

Ndipo Mwenye Kisiwa akatangaza kwamba anauza viwanja. Maandishi yake yalipitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, yakatoka yamepinda lakini yakaeleweka: waliopanga wapewe nafasi ya kwanza kununua, na kiwanja kisichochukuliwa na mpangaji wake kitauzwa kwa mwingine. Cheche alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alikuwa amevimba shingo. Hata huko, alisema, hata kwenye kioo, kuna mtu wa kumtoa baba yake ndani ya nyumba.

Mama Pacha alimsihi wasikurupuke. Alisema kulipa kodi kumewafaa miaka yote, na pengine huyo mnunuzi mwingine naye atawapangisha tu. Alisema maneno hayo akichambua mchele, kwa sauti ya chini, maana alimjua mumewe: ukimpandishia, anapanda zaidi.

"Kwani mpangaji ana ubaya gani, Baba Pacha?" alimuuliza. "Sisi hapa si wapangaji? Tumekufa?"

"Sisi tuna miguu," Cheche alisema. "Tukifukuzwa tutahama. Yeye akihamishwa pale, atahamia wapi?"

Mama Pacha akarudia mchele wake.

Cheche akauza pikipiki yake. Kinyozi, aliyeisikia habari hiyo kabla hata pikipiki haijatoka uani, alifurahi mpaka akamkata mteja. Aliuliza kama kiwanja hicho kina maji. Aliuliza kama mashahidi wa mauziano watapanda meli au watatumbukizwa kwenye kioo. Akawaambia waliokaa kwenye benchi lake kwamba jirani yake amenunua hewa, tena hewa ya mbali, wakati hii ya hapa bado ipo ya bure. Watu walicheka, na Cheche alicheka nao, kisha akamwambia Kinyozi kwamba mtu anayeishi kwa kufagia nywele za wenzake asimfundishe mwanamume habari za mali. Benchi likacheka zaidi. Kwa siku kadhaa alipita mtaani kwa miguu, kifua mbele, kama mtu anayependa tu kutembea.

Wakapatana na Mwenye Kisiwa. Bei ilikubaliwa, na yule mama akaandika kwamba wameelewana, isipokuwa kwanza anakwenda kutibiwa jicho, na akirudi nyumbani atamaliza uuzaji na kumpelekea hati. Cheche akamwandikia apone haraka, asiwe na wasiwasi, neno lake linamtosha.

Sasa, mtaani kwao, na kila mtaa Cheche alioishi, mpangaji akishapatana na mwenye nyumba kuinunua nyumba ile, kodi inasimama siku hiyohiyo. Jambo hili halitajwi. Mpangaji hatoi, na mwenye nyumba haulizi. Kuendelea kulipa baada ya kupatana ni kumwambia mwenzako kwamba humwamini, kwamba unajiwekea akiba asije akageuka. Watu wamevunja mapatano kwa tusi hilo. Cheche alikuwa ameyaona hayo tangu utotoni, kwa wapangaji waliobahatika, na siku zote aliwaonea wivu: siku ile mtu anapopita mbele ya mwenye nyumba mkono mtupu, wakaamkiana kama ndugu. Hivyo hakuilipa nguzo. Hakusahau. Aliacha kwa makusudi, kwa heshima, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa miaka mingi.

Aliyeiona taa ni Mzee. Walikuwa wamekaa sebuleni kwake, yaani mbele ya kioo, naye akageuza kisanamu chake kuelekea dirishani.

"Cheche, nguzo imekuwa nyekundu," alisema. "Lipa."

"Iache iwake, Baba. Wewe si mpangaji tena. Wewe ni mwenye mali."

"Mwenye mali," Mzee alisema, kama anayeonja. Baada ya muda akasema tena kwamba nguzo ni nyekundu, na Cheche akamweleza tena, kwa raha ileile, hata akafurahi kwamba anakumbushwa, kwa sababu kila mara alipata kulisema neno lile upya. Zamani Mzee angeilipa mwenyewe. Siku hizi mkono ulijua njia ya mlangoni na njia ya dirishani, basi.

Kesho yake Cheche alikuwa karakanani, barakoa ya kuchomelea imeshuka usoni, geti la mteja limelala chini nusu likiwa geti na nusu likiwa mabomba. Mama Pacha alikuja mpaka karibu na cheche zenyewe, jambo ambalo hafanyi.

"Baba Pacha, njoo uone," alisema. "Baba anatafuta mlango."

Cheche aliingia na barakoa kichwani. Kwenye kioo palikuwa na mchanga. Kiwanja kilikuwa tambarare, safi, mchanga mweupe wa namna moja kutoka mpaka hadi mpaka, na nguzo ya kodi imesimama pembeni, imezimika. Katikati ya mchanga kisanamu cha Mzee kilikuwa kinakwenda hatua chache, kinageuka, kinarudi, kinasimama pale palipokuwa na mlango, kinakwenda tena. Mzee hakulia wala hakulalamika. Alikuwa anahema tu kama mtu anayepanda ngazi, na kila kisanamu kiliposimama, mkono wake wa kushoto, ule ambao haukuwa na kazi, ulijinyoosha mbele kidogo, kutafuta komeo.

Cheche alimwandikia Mwenye Kisiwa. Aliandika kwa herufi kubwa, akafuta, akaandika kwa adabu. Jibu lilichukua siku nzima, kwa kuwa yule mama alikuwa na bandeji na alisomewa na binti yake. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa afadhali angekuwa mbaya, Cheche angepata pa kuiweka hasira. Alisikitika, akaandika kwamba nyumba ile ilikuwa fahari ya kisiwa na watu walikuwa wakija kuutazama ule mfereji wake. Kisha akauliza kwa nini hakulipa. Aliuliza kweli, kama mtu asiyejua.

Cheche alianza kumweleza. Kwetu mtu akishapatana, aliandika, na hapo akakwama. Jambo ambalo hata mtoto wa mtaani kwao alilijua bila kuambiwa, lilipoandikwa lilionekana kisingizio cha mdaiwa. Akafuta. Akaandika kwamba alidhani wameelewana.

"Mimi na wewe tulielewana," Mwenye Kisiwa alijibu. "Nguzo haikuwepo tulipoelewana. Nguzo ni mashine."

Akamweleza kwamba hawezi kurudisha kilichofagiwa, wala hakuwahi kupewa uwezo huo. Kisiwa chenyewe, aliandika, anakilipia kwa kampuni ya Upeo kila mwaka, asipolipa kinazama na viwanja vyote juu yake, vya wapangaji na vya walionunua. Na yeye ana nguzo yake, ila tu haionekani kutoka kule chini. Akampunguzia bei bila kuombwa. Cheche alisoma mstari ule wa kisiwa kuzama mara nyingi. Alikuwa ameuza pikipiki ili atoke kwenye nyumba ya mtu, na alichonunua ni chumba ndani ya chumba cha mpangaji mwingine.

Aliandikia kampuni. Ilijibu papo hapo, ikimshukuru kwa kuwa mwanajumuiya. Aliandika tena. Ikamtumia maswali, ikitaka aseme ameridhika kwa kiasi gani na jibu la kwanza.

Nyumba haikuwa imepotea, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Kila kinachofagiwa Upeo hurudi kwenye ghala la mwenyewe, na Mama Pacha ndiye aliyelifungua ghala la Mzee na kumwita mumewe. Vyote vilikuwemo. Lakini wale walionunua nyumba za dukani walirudishiwa nyumba. Mzee alirudishiwa matofali. Tofali, tofali, tofali, kila moja peke yake, kwa jina lilelile, yakishuka kwenye kioo mpaka kidole cha Mama Pacha kikachoka kuyashusha. Hakuna lililokumbuka lilikaa wapi. Fundi mmoja tu ndiye aliyejua, na alikuwa ameketi pembeni anakunja na kukunjua upindo wa shati.

Wakatafuta picha. Nani hupiga picha kitu anachokiona kila siku? Mama Pacha alipata moja kwenye simu yake: pacha wamekaa mbele ya kompyuta wanatoa ndimi, na kati ya vichwa vyao kipo kipande cha dirisha.

Cheche akapiga moyo konde, akaanza kujenga. Aliacha geti la mteja lilipolala. Alijaribu kukumbuka sebule kwa maneno ya baba yake, kwamba dirisha lilipanuliwa, kwamba mlango ulitazama baharini, akapanga tofali moja moja kwa mkono uliozoea chuma, mkono wa kukata na kuunga kwa moto. Ukuta wa kwanza ulipofika usawa wa dirisha, alimsogeza Mzee mbele ya kioo.

Mzee aliutazama ukuta. Akainama karibu. Uso wake ukaamka, na Cheche akasogeza kiti karibu.

"Nani amejenga huu?" Mzee aliuliza.

"Mimi, Baba."

"Umelewa."

Cheche alicheka kwa sauti, machozi yakamtoka, akadhani ametaniwa. Lakini Mzee hakuwa anamtazama yeye. "Ukuta," Mzee alisema. "Ukuta umelewa. Mwambie mwenye kazi asimlipe huyu." Na mkono wake, ule uliosahau kulipa na kusahau kupanga, ukashika kipanya, ukazungushia ukuta mstari kama ulivyofanya maelfu ya mara, ukaufuta. Mchanga ukabaki safi. Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyeondoa aibu mahali.

Cheche alijenga tena, akitumia kipimo, akitumia kamba aliyoichora mwenyewe. Mzee akabomoa. Alijenga mara ya tatu, pacha wakiwa wamelala mchana, ili asiwe na haraka, kila kiungo kimepishana. Mzee akautazama kwa muda mrefu zaidi, hata Mama Pacha akasimama na sahani mkononi. Kisha akabomoa. Hakuwa na hasira. Hakuweza tu kuuacha ukuta umesimama vile, na Cheche hakuthubutu kumshika baba yake mkono kwa kazi ambayo mkono huo uliifanya vizuri kuliko mkono wowote aliowahi kuuona.

Hati ilifika siku Kinyozi alipokuwa amekuja kuazima msumeno. Alikuwa na lake la kusema, alipoona kioo akalimeza, akachukua msumeno na kuondoka bila hata kuaga. Hati ilikuwa nzuri, ina mhuri wa rangi ya dhahabu, na jina la mwenye kiwanja lilikuwa la Mzee, jina lake kamili, ambalo halikuwahi kuandikwa juu ya mali yoyote tangu azaliwe. Kodi haikuwepo tena. Nguzo ilikuwa imeng'olewa.

Cheche alivuta kiti, akaketi karibu na baba yake, akamsomea neno kwa neno. Alipomaliza akamwonyesha mchanga.

"Kiwanja kizuri," Mzee alisema. "Kimetulia. Ni chako?"

"Ni chako, Baba. Jina lako hili hapa."

Mzee akatabasamu, tabasamu la fundi aliyezoea wateja wanaopenda mzaha. Akapapasa mfuko wa shati akitafuta penseli, hakuipata, akaacha.

"Bosi, sisi ni watu wa kujenga tu. Haya, niambie, unataka vyumba vingapi?"

Mama Pacha alikuwa mlangoni. Cheche hakumtazama. Akaanza kumtajia Mzee: sebule yenye dirisha pana, mlango utazame baharini, chumba cha wazee, chumba cha watoto, mfereji kuzunguka nyumba yote. Alitaja na msingi. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akitikisa kichwa pale palipostahili, kisha akamuuliza anaitwa nani.